RTX 3060 iliyotumika au RTX 4050 mpya: ipi itacheza gemu vizuri kwenye laptopu?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nataka kununua laptopu ya gemu na nimebakiwa na mbili, zote nimeziona Kariakoo. Ya kwanza imetumika, ni ya mwaka 2021, nene kidogo, ina RTX 3060, RAM GB 16. Muuzaji anasema imetoka Dubai, na chaja iliyopo siyo iliyokuja nayo ila inachaji. Ya pili ni mpya, bado ipo kwenye boksi, nyembamba, ina RTX 4050 na RAM GB 8, na bei yake imeizidi ya kwanza kwa laki sita. Rafiki yangu mmoja anasema 4050 ni kizazi kipya kwa hiyo lazima iishinde 3060. Mwingine anasema 60 ni kubwa kuliko 50, tena 3060 ina bit 192 wakati 4050 ina bit 96 tu. Nimetazama na video inayoonyesha 3060 yenye GB 12 ikitoa fremu nyingi sana. Mimi hucheza EA FC, GTA V na Warzone, na ninaitamani Cyberpunk 2077. Naishi Mbagala, chumba changu kina joto na umeme hukatika mara kwa mara. Hela hii nimeikusanya kwa muda mrefu, siwezi kununua mara mbili. Nichukue ipi?"*

Ndugu yangu, hela ya kujibana ndiyo inayolifanya swali hili liwe zito, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Nianze na jibu lenyewe ili usisome huku roho ikiwa juu juu: kadi hizi mbili za michoro za Nvidia, yaani sehemu ya laptopu inayochora picha za gemu, kila moja ikipewa umeme wa kutosha na ikipozwa vizuri, zinakaribiana sana. Kwenye skrini ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), katika gemu nyingi tofauti yao haivuki sana asilimia 10, na mara nyingi inaangukia upande wa 4050. Hiyo ni tofauti ambayo macho yako hayataiona bila namba kuwekwa pembeni ya skrini. Lakini mashine mbili zenye kadi ya jina lilelile zinaweza kupishana kuliko hapo. Kwa hiyo unachotakiwa kukagua dukani ni hizo laptopu mbili zenyewe, na nitakueleza namna ya kuzikagua kabla hujatoa hata shilingi.

Rafiki zako kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Katika majina ya Nvidia, tarakimu mbili za mwanzo ni kizazi na mbili za mwisho ni daraja ndani ya kizazi hicho. RTX 3060 ya laptopu ilitangazwa Januari 2021, ni ya kizazi cha Ampere. RTX 4050 ya laptopu ilitangazwa Januari 2023, ni ya kizazi cha Ada Lovelace. Ndani ya kizazi kimoja daraja halidanganyi: 4060 iko juu ya 4050, na 3060 iko juu ya 3050. Ukivuka kutoka kizazi kimoja kwenda kingine, hesabu inavurugika. RTX 3070 ya laptopu, yenye viini 5,120 (vitengo vidogo vya hesabu ndani ya chipu) na kumbukumbu ya GB 8, bado inaitangulia 4050 kwa nguvu ghafi ingawa ni ya zamani zaidi. Na 3050 ya kawaida yenye GB 4 inaachwa mbali na 4050 ingawa zote zinaishia na hamsini.

Ile video ya GB 12 iweke pembeni kabisa. RTX 3060 yenye GB 12 ni kadi ya kompyuta ya mezani, inayokula hadi wati 170. Ya laptopu ina GB 6, na haipewi wati nyingi kiasi hicho. Kinachowachanganya watu ni kwamba ya laptopu ina viini vingi kidogo, 3,840 dhidi ya 3,584 vya ile ya mezani, lakini kwa kuwa inalishwa umeme kidogo inakimbia polepole zaidi. Na ukikutana na video ya 4050 "ya mezani", ifunge, kwa sababu Nvidia haikuwahi kutoa RTX 4050 ya mezani. Ipo ya laptopu tu. Video za kulinganisha zenye namba nzuri pembeni lakini hazionyeshi mashine, hazitaji wati wala mipangilio ya gemu, zisikufanye utoe hela.

Sasa tuingie ndani. Swali la haki ni hili: kama 3060 ina viini 3,840 na 4050 ina 2,560, yaani theluthi nzima imepungua, inawezekanaje zilingane? Jibu la kwanza ni kasi. Chipu ya 3060 ilitengenezwa na Samsung kwa teknolojia ya nanomita 8, na ya 4050 ilitengenezwa na TSMC kwa teknolojia mpya zaidi iliyo ndogo sana kuliko hiyo. Chipu ya namna hiyo hufanya kazi ileile kwa umeme mdogo, na kwa umeme uleule hukimbia zaidi. Nvidia yenyewe inaipa 3060 ya laptopu kasi ya juu ya megahezi 1,703, na 4050 inaipa 2,370. Zidisha viini kwa kasi kwa kila moja, utaona ile tofauti ya asilimia 50 ya viini imeshuka hadi chini ya asilimia 8. Kilichobaki kinazibwa na mambo mengine mapya yaliyomo ndani ya Ada, na kubwa kati ya hayo linahusu hizo bit za rafiki yako wa pili.

Ni kweli 3060 ina njia ya kumbukumbu ya bit 192 na inasafirisha GB 336 kwa sekunde, wakati 4050 ina bit 96 na inasafirisha GB 192. Kwenye karatasi hiyo ni aibu kubwa kwa kadi mpya. Lakini ndani ya chipu kuna kumbukumbu ndogo ya haraka inayoitwa kashe, na hapo mambo yanageuka: 3060 ina MB 3 za kashe ya ngazi ya pili, 4050 ina MB 12. Fikiria mwenye duka la Kariakoo ambaye ghala lake liko mbali na barabara ya kwenda huko ni nyembamba. Akiwa na rafu kubwa dukani, bidhaa zinazotoka kila saa anazishika kwa mkono, na kijana wake anakwenda ghalani mara chache. Ndivyo 4050 inavyofanya kwenye 1080p. Ukipandisha skrini hadi 1440p au ukiweka picha nzito sana, data inazidi uwezo wa kashe, safari za kumbukumbu zinaongezeka, na hapo 3060 inaanza kuziba pengo. Kwa kuwa wewe utacheza kwenye 1080p, bit 96 zisikunyime usingizi.

Nimefika kwenye jambo ambalo ningependa kila mnunuzi wa laptopu ya gemu alijue kabla hajalijua jina la kadi: wati. Nvidia huuza chipu, kisha kila kampuni ya laptopu huamua itailisha umeme kiasi gani, kulingana na unene wa mashine, feni na mabomba ya shaba yanayobeba joto. Kwa 3060 ya laptopu Nvidia iliruhusu kuanzia wati 60 hadi 115. Kwa 4050 iliruhusu kuanzia 35 hadi 115. Juu ya hapo kuna utaratibu unaoitwa Dynamic Boost, unaochukua wati ambazo prosesa haizitumii na kuipa kadi ya michoro. Ndiyo maana utakuta 3060 iliyoandikwa wati 130. Zamani kidogo mashine zenye umeme mdogo zilitofautishwa kwa neno Max-Q mwishoni mwa jina la kadi. Tangu kizazi cha 3060 neno hilo halikuwekwa tena kwenye jina, na wauzaji wengi hawaandiki wati popote, kwa hiyo mnunuzi anaona "RTX 3060" tu na kuamini zote ni sawa.

Haziko sawa. Mwaka uleule wa 2021, Asus Zephyrus G14 yenye 3060 ilipewa wati 80 pamoja na nyongeza, na Lenovo Legion 5 yenye 3060 ilipewa hadi 130. Jina moja la kadi, na tofauti ya fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) kati yao inaweza kufika asilimia 20 katika gemu nzito, yaani kubwa kuliko tofauti yote ya vizazi viwili unayoihangaikia. Kwa 4050 hali ni pana zaidi. Zipo laptopu nyembamba za bei ya chini zinazoipa wati 45 tu, zipo za 75, na zipo zinazoruhusu zaidi ya 100. Faida nzuri ya 4050 ni kwamba haidai umeme mwingi: ikifika karibu na wati 90 hadi 100 imeshatoa karibu yote iliyonayo, na ukiiongezea zaidi ya hapo unapata kidogo sana. Ubaya ni kwamba ikibanwa hadi 45 inapoteza robo ya kasi yake au zaidi. Umesema hiyo mpya ni nyembamba. Hilo ndilo lililonishtua zaidi katika maelezo yako yote, kuliko hata umri wa ile nyingine.

Kwa bahati nzuri wati hazifichiki. Waombe wakuwashie mashine, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya skrini tupu, fungua NVIDIA Control Panel, kisha uingie sehemu iliyoandikwa System Information. Humo kuna mstari wa Maximum Graphics Power, na mbele yake kuna namba ya wati. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye daftari lako kabla ya kuuliza bei ya mwisho. Muuzaji wa ile mpya akikataa kufungua boksi, chukua namba kamili ya modeli iliyobandikwa nje na uitafute kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu kampuni nyingi huandika wati kwenye ukurasa wa vipimo. Tafuta modeli kamili, herufi zote na tarakimu zote, kwani mashine za familia moja zinaweza kupishana.

Joto la Mbagala nalo lina nafasi yake. Laptopu nyingi za gemu huunganisha prosesa na kadi ya michoro kwenye mabomba yaleyale ya shaba, kwa hiyo moja ikichemka inaichemsha na mwenzake. Kadi za RTX za laptopu kwa kawaida huanza kujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 87, na prosesa zinapokaribia 95 hadi 100. Hewa ya chumba ikiwa na nyuzi 32 badala ya 22, hizo nyuzi kumi zinaingia moja kwa moja kwenye hesabu. Mashine nene yenye feni kubwa ina nafasi ya kuvumilia, ile nyembamba haina. Inua sehemu ya nyuma ya laptopu hata kwa vitabu viwili ili hewa ipite chini, usiiweke kitandani wala juu ya mto, na elekeza feni ya chumba upande wake. Hayo hayagharimu kitu.

Kuhusu umeme kukatika: laptopu zote za gemu, iwe 3060 au 4050, zikitoka kwenye chaja hushusha wati za kadi kwa kiasi kikubwa kwa sababu betri haiwezi kutoa umeme wa namna ile. Umeme ukikatika katikati ya mechi, fremu zitaporomoka na hiyo si dalili ya ubovu. Betri itakupa muda wa kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, usiihesabie zaidi ya hapo kwa upande wa gemu. Nunua soketi ya kuzuia mshtuko wa umeme, maana umeme unaporudi kwa kishindo chaja ndiyo hupokea pigo la kwanza.

Sasa ile sifa ambayo wauzaji wa 4050 huitanguliza: kutengeneza fremu kwa akili bandia, yaani DLSS 3. Ni kweli 3060 haiipati, imewekwa kwa kadi za RTX 40 na kuendelea. Lakini usichanganye mambo mawili yenye jina moja. DLSS ya kupandisha ubora wa picha, ambayo gemu huchorwa kwa ukubwa mdogo kisha ikakuzwa, inafanya kazi kwenye kadi zote za RTX tangu zile za mwaka 2018, 3060 ikiwemo, na hiyo ndiyo inayoleta nafuu ya kweli. Ile ya kutengeneza fremu huchukua fremu mbili halisi na kuchomeka ya tatu katikati. Ili ifanye hivyo lazima iishikilie fremu halisi kidogo kabla ya kukuonyesha, kwa hiyo mkono wako unachelewa. Ukianza na fremu 60 halisi na ikakupeleka 100, picha inateleza vizuri na kuchelewa hakuonekani. Ukianza na 28 ikakupeleka 50, macho yanaona 50 lakini kipanya kinajisikia kama 28 au chini yake. Kwa Warzone usiitumie kabisa. Kwa Cyberpunk, ambayo unatembea na kutazama mji, inafaa. Na tangu Septemba 2023 kuna FSR 3 ya AMD, inayotengeneza fremu hata kwenye 3060 katika gemu zilizowekewa, na Cyberpunk iliongezewa mwaka 2024. Ya Nvidia kwa kawaida ina picha safi zaidi, lakini mwenye 3060 hajafungiwa mlango.

Kuna kasoro moja ambayo hakuna rafiki yako aliyeitaja, na inazihusu zote mbili kwa usawa: kumbukumbu ya GB 6. Kwa EA FC, GTA V na Warzone kwa mipangilio ya kati inatosha. Kwa Cyberpunk kwenye 1080p, mipangilio ya kati kuelekea juu, DLSS ya ubora ikiwa imewashwa na miale ya mwanga (ray tracing) imezimwa, mashine yoyote kati ya hizi yenye wati kamili inapaswa kukupa fremu 60 au karibu yake. Ukiwasha miale ya mwanga, GB 6 zinajaa, na kumbukumbu ya kadi ikijaa data huhamia kwenye RAM ya kawaida, ambayo iko mbali na ni ya polepole, ndipo gemu linaanza kukwama kwa vipindi. Gemu mpya zinaendelea kupanda: Indiana Jones and the Great Circle, lililotoka Desemba 2024, liliweka GB 8 kuwa kiwango cha chini kabisa. Nakuambia haya ili ujue unachonunua. Mashine hizi zote ni za 1080p na mipangilio ya wastani kwa miaka kadhaa ijayo, na zitakutumikia vizuri ukizichukulia hivyo.

RAM GB 8 kwenye ile mpya ni tatizo lenye dawa. Mara nyingi huwa ni kipande kimoja kwenye nafasi moja, hivyo prosesa inapata nusu ya upana wa njia. EA FC, GTA V na hasa Warzone hutegemea prosesa sana, na kwa kipande kimoja utaona fremu zikiyumba hata kama kadi haijachoka. Ukiongeza kipande cha pili cha GB 8 cha aina ileile, mabadiliko utayaona siku hiyohiyo. Uliza kwanza kama kuna nafasi ya pili ndani, kwani baadhi ya mashine nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi. Gharama ya kipande hicho ijumlishe kwenye bei ya mashine mpya, kwa hiyo tofauti yako ya kweli imezidi laki sita.

Turudi kwa ile iliyotumika. Mashine za 2021 zilipita kipindi ambacho watu walitumia kadi za michoro kuchimba sarafu ya Ethereum, na hata laptopu za 3060 zilitumiwa hivyo mahali fulani, hadi Septemba 2022 mtandao huo ulipoacha uchimbaji wa aina hiyo. Wasiwasi huo ni wa haki ila uuweke mahali pake. Chipu yenyewe haichakai haraka kwa kazi ya mfululizo. Vinavyochakaa ni feni, pesti ya joto iliyokauka, na zile pedi laini juu ya kumbukumbu. Hivyo vyote fundi anaweza kuvibadilisha kwa gharama ndogo. Na usihofu kwamba 3060 itatupwa na Nvidia kesho: kadi za GTX 900 zilizoanza kutoka 2014 ziliendelea kupewa draiva za gemu hadi 2025.

Kinachonitia wasiwasi ni chaja. "Inachaji" haimaanishi inatosha. Laptopu yenye 3060 ya wati nyingi kwa kawaida ilikuja na chaja ya wati 200 na zaidi, nyingi zikiwa 230. Mashine zinazoletwa bila chaja hupewa yoyote ambayo tundu lake linaingia, ya 120 au 150. Taa ya kuchaji itawaka, Windows itafanya kazi, lakini ukifungua gemu mashine itabana kadi, au betri itaanza kushuka huku imechomekwa ukutani. Geuza chaja usome mstari wa kutoa: zidisha volti kwa ampia, upate wati. Volti 19.5 kwa ampia 11.8 ni 230. Volti 19.5 kwa ampia 6.15 ni 120, na hiyo haiifai mashine ile. Chaja halisi yenye nguvu sahihi inagharimu hela ya maana, kwa hiyo ama muuzaji aitoe, ama aipunguze kwenye bei.

Siku ya kwenda kukagua, beba flashi yenye HWiNFO (programu inayoonyesha joto na wati za mashine) na gemu au programu yoyote ya kuipa kadi kazi nzito, na mwombe muuzaji dakika 20. Chomeka chaja, weka mashine kwenye hali ya nguvu ya juu kupitia programu ya kampuni yake, kisha uanze. Dakika mbili za kwanza hazina maana, kila mashine hukimbia ikiwa baridi. Tazama kuanzia dakika ya 10: wati za kadi zimebaki karibu na ile namba uliyoiandika, au zimeshuka? Joto limetulia kwenye sabini na kitu au themanini za mwanzo, au limegonga 87 na kasi inapanda na kushuka? Feni zote mbili zinazunguka bila kukwaruza? Asilimia ya betri imekaa palepale? Kisha fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport, ripoti itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakunyima dakika hizo. Anayekunyima, mshukuru na uende duka la pili.

Baada ya hapo uamuzi wako unakuwa mwepesi. Kama 3060 inaonyesha wati 115 au zaidi, imepita kipimo cha joto na ina chaja sahihi, ichukue hiyo. Laki sita ulizookoa zitalipa kusafishwa kwake na nyingine itabaki mfukoni. Kama 3060 ni ya wati 80 au inachemka, na 4050 ina wati 75 kwenda juu pamoja na nafasi ya RAM ya pili, basi 4050 ndiyo yako, na utafaidi warantii na betri changa. Kama 4050 ni ya wati 45 na 3060 imefeli kipimo, usinunue hata moja. Tembea zaidi, na kwa bajeti ya ile mpya tafuta iliyotumika yenye RTX 4060 au 3070, maana zote hizo za laptopu zina GB 8. Ukinilazimisha kubashiri kwa maelezo uliyonipa, bila kuziona mashine, ningeanza safari kwenye ile nene ya 3060.

Kuna mambo ambayo hayaamuliwi kwa maandishi. Ukiona mashine iliyotumika inazima ghafla ikiwa na mzigo, ina vidoti au mistari ya rangi wakati wa gemu, au kifuniko cha chini kimevimba, usikubali maelezo ya dukani wala punguzo la bei. Kuvimba huko kwa kawaida ni betri, na betri iliyovimba ni hatari ya moto, isichomekwe wala kutobolewa. Na ukishainunua ile ya 2021, kabla ya kuanza kucheza kwa bidii ipeleke kwa fundi anayefungua laptopu za gemu mara kwa mara. Mwambie asafishe feni, abadilishe pesti ya joto ya prosesa na ya kadi, na azikague pedi za kumbukumbu. Kaa naye akifanya kazi hiyo, kisha mrudie kipimo cha dakika 20 palepale mezani kwake, kabla hujamlipa.